Dereva Aliyekagua Njia kwa Nyayo

Nitamwita Dereva. Jina lake analo na watu wa Kuresoi wanalijua, lakini katika miaka minne niliyokaa kiti cha kushoto cha gari lake sikuwahi kumwita vingine, naye hakuwahi kuniita ila Fundi. Alizaliwa mwaka gani na babu yake alitoka wapi, hayo waulizeni wengine. Mimi najua mikono yake. Najua alivyokohoa akimeza vumbi na alivyoitukana gia ya tatu. Na ninajua ni nani waliommaliza. Nitawataja, mmoja mmoja, na sitaogopa.

Kwa ambao hawajawahi kufika: ukitoka Nakuru kwenda Rongai kuna shamba lililokuwa la mzungu, ambalo siku hizi limekatwa vipande na kila kipande kina mwenyewe. Kimoja kilikuwa hakilimwi. Hapo klabu yetu ilishindanisha magari ya zamani Jumapili moja kila mwezi. Hayakuwa magari ya maana. Ni yale yale unayoyaona barabarani, ila yameng'olewa viti vya nyuma na vioo, milango imechomelewa isifunguke, na ndani yamewekewa kizimba cha mabomba ya chuma, ili gari likibingirika lisigeuke kaburi. Unaingia kwa dirisha kama mwizi. Yanaachiliwa manne kwa mara moja, mizunguko sita, na anayefika mbele ndiye mshindi.

Vumbi la kule ni laini kama unga wa ngano. Gari moja likipita, aliye nyuma haoni hata boneti yake mwenyewe. Kwa hiyo klabu ilikuwa na desturi mbili. Kabla ya kila kundi kukimbia, trekta lilivuta tangi la maji likanyunyizia njia. Na kila gari lilikuwa na mtu wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kupinda shingo, kuangalia upande ambao dereva haoni, na kumpiga dereva bega. Kofi moja, kuna mtu. Makofi mawili, njia ni yako. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kushoto wa Dereva. Nililipiga bega lile mpaka akasema siku atakayoolewa mume atataka kujua huyo anayempigia mke ni nani.

Ndiyo, alikuwa msichana. Nimechelewa kusema kwa sababu nikiwa ndani ya gari nilikuwa nasahau.

Alikuja gereji yetu ya Kaptembwo, mjini Nakuru, akiwa na miaka kumi na tisa, amevaa gambuti, akiendesha pikapu ya mama yake iliyovunjika springi. Alikuwa ameshusha viazi sokoni. Nikamuuliza nani ameleta gari kutoka Kuresoi, mvua yote ile, barabara imekuwa uji.

"Ni mimi."

"Na springi imevunjikia wapi?"

"Hapa mjini. Kwenye tuta. Kule kwetu kwa matope haikuvunjika."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachuchumaa karibu yangu akaangalia kazi mpaka mwisho, na nilipokaza nati ya mwisho akasema, "Hiyo ya kwanza umeilegeza, Fundi." Nikaijaribu kwa spana. Ilikuwa imelegea kweli. Nimekuwa fundi tangu nitolewe darasa la nne, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia neno kama hilo likawa kweli.

Mikono yake ilikuwa ya mchimba viazi, mipana, udongo umeingia kwenye mikunjo ukakataa kutoka. Usukani aliushika kwa vidole tu, kama mtu anayeshika yai. Wavulana wa klabu waliunyonga usukani kama wanachinja kuku. Yeye alikuwa anaungoja. Gari likianza kuteleza mkia, wenzake waliogopa wakakanyaga breki, yeye aliliachia liteleze kidogo, kisha akalirudisha. Aliniambia kuwa Kuresoi mwezi wa nne huwezi kuendesha, unateleza tu na kuchagua utatelezea wapi. "Breki," alikuwa akisema, "ni ya mtu aliyechelewa kufikiri."

Lakini mngemwona barabarani! Njia kuu ya kwenda Rongai alikwenda mwendo wa harusi. Malori yalimpita, pikipiki zilimpita, siku moja trekta lenye trela la mabua lilimpita na dereva wake akatupungia mkono. Makondakta walichomoa vichwa wakamwita kila jina. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Kanyaga mafuta basi, tunaaibishwa!"

"Na nani?"

"Na trekta!"

"Fundi, barabara ni ya watu. Uwanja ndio wangu."

Na alikuwa anaogopa kuvuka barabara kwa miguu. Huyu mtu ambaye nilimwona akipenya katikati ya magari mawili kwenye kona ya uwanja, pakiwa na nafasi ya kiganja kila upande, mbele ya lango la stendi alinishika mkono wa koti na kusema, "Ngoja, ngoja kwanza," mpaka muuza karanga akatuonea huruma akatuvusha.

Mbio zake za kwanza alimaliza wa pili kutoka nyuma. Vijana walikuwa wamemwandalia maneno. "Niaje, Viazi!" "Mathe, umesahau sufuria nyumbani!" Mmoja alimwekea gunia tupu juu ya boneti. Dereva akalikunja vizuri, akalitandika kwenye kiti changu kwa sababu chuma kilikuwa kinanichoma, akasema, "Asante. Kiazi huchelewa kuiva, lakini ukikishika kikiwa kimeiva unalia." Msimu wa pili alianza kuwatoa jasho. Kufika katikati ya msimu wa tatu alikuwa ameshinda mara tano, na yule wa gunia alikuwa anakuja kuuliza tunaweka upepo kiasi gani kwenye magurudumu. Dereva alimwambia. Alimwambia kiasi chenyewe, hakumdanganya. Mara moja hata alimwazima gurudumu letu la akiba, na yule kijana akatushinda kwa gurudumu letu wenyewe. Mimi nilikasirika nikakataa chakula. Yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Msidhani basi alikuwa mtu wa kusamehe. Muuza vipuri mmoja mjini alimuuzia breki zilizotumika akasema ni mpya. Hakugombana naye. Hakudai kitu. Tangu siku hiyo, akipita pale dukani alimsalimia askari wa mlangoni, akamsalimia mama wa mahindi, akamsalimia hata mbwa, na yule mtu akamruka kama shimo. Miaka mitatu. Nilimwambia, "Si umsamehe, dada, hata Biblia inasema." Akanijibu, "Aliyekosea nitamsamehe. Huyu alijua. Aliyejua sina kazi naye." Nililisikia neno hilo nikaona ni neno la ukali wa ujana. Halikunihusu, nilidhani.

Mama yake alikuwa mtu wa kanisa na wa maneno machache. Hakupenda mbio za Jumapili. Wakafika mahali wakaelewana: Dereva ahudhurie ibada ya kwanza, ile ya alfajiri, ndipo aende. Kwa hiyo alikuja uwanjani na gauni, Biblia na gambuti. Jioni nikimrudisha Kuresoi mama alikuwa anasimama mlangoni.

"Fundi, umenirudishia mtoto mzima?"

"Mzima, mama."

"Hesabu vidole."

Nami nilihesabu, mbele yake, moja mpaka kumi, huku Dereva amenyoosha mikono kama mtoto wa nasari na kuangalia juu kwa aibu. Yule mama hakutania. Hata siku moja sikumwona akitabasamu kabla sijafika kumi.

Sasa niseme jambo lililomtofautisha na madereva wote. Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, alivua viatu akatembea njia yote kwa miguu mitupu. Wengine walizunguka na pikipiki. Yeye alitembea polepole, akisimama, akikanyagia kisigino, akirudi nyuma hatua mbili. Mimi nilimfuata na kopo la chokaa. Akisema "laini" naweka nukta moja pembeni. Akisema "jiwe" naweka mbili. "Macho yanaona juu tu," aliniambia. "Gari halikimbii juu." Watu walimcheka, wakasema ni uchawi wa Kuresoi. Uchawi gani? Mtu aliyekua akishuka na gunia mgongoni kwenye mteremko wa matope anajua ardhi itakayomshika na ile itakayomwangusha.

Na ardhi yetu huku, wenyeji wanaijua, si ya kuamini. Mvua kubwa ikinyesha inapasuka. Unalala na shamba moja unaamka na mawili, katikati kuna ufa unaoweza kumeza ng'ombe. Tumezoea. Mkulima anajaza mabua ya mahindi, anatupa matawi, anamwaga udongo juu, anapitisha trekta mara mbili tatu, anapanda. Mwaka huo mahindi yanaota juu ya ufa kama hakuna kitu. Baba zetu walifanya hivyo na sisi tunafanya. Ukimzuia mtu kufanya hivyo atakuuliza kwani unataka shamba likae uchi?

Mvua ya msimu wake wa nne ilipasua uwanja. Ufa ulikata kona ya mwisho upande wa nje, ile kona inayopinda kushoto kabla ya mstari wa kumalizia. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Gathogo. Hilo ndilo jina la kwanza, liandikeni. Gathogo alikuwa mkulima wa mahindi, na akaufanyia ufa ule kama alivyofanya kwenye shamba lake: mabua, matawi, udongo, trekta. Ukaonekana kama haujawahi kuwepo. Jina la pili ni Langat, mkaguzi wa klabu. Alipita kwa pikipiki, akaangalia kutoka juu ya kiti, akatia sahihi kwamba njia ni salama.

Siku hizo Dereva alikuwa anatafutwa. Kulikuwa na mtu wa Nairobi mwenye timu ya magari ya kweli, wanaokwenda hadi nchi jirani kushindana. Alisikia habari za msichana wa viazi. Akatuma neno kwamba atakuja kumwona akikimbia, na akiridhika atampa kiti kwenye timu hiyo. Dereva aliponiambia alikuwa anasaga meno, si kwa hasira, ni alivyofanya akizuia furaha. Akasema akipata kile kiti ataingia nami. Nikamwambia timu kama zile zina mafundi wenye vyeti. "Basi wataongeza mmoja asiye nacho," akasema.

Jumamosi ile akavua viatu kama kawaida. Tulipofika kona ya mwisho akasimama. Akakanyaga kisigino. Akarudi, akakanyaga tena. Akaniita nisogee nitege sikio.

"Unasikia? Panaitika."

Kwa haki ya Mungu, palikuwa panaitika. Kama kugonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Tukamwendea Gathogo. Alikuwa na Langat, wanasimamisha hema la wageni palepale nje ya kona, viti vya plastiki vimepangwa.

"Mwenyekiti, pale chini pana tundu," Dereva alisema. "Naomba tuweke mapipa, tuisogeze kona ndani mita tano."

"Nikiisogeza, wageni wataangalia nini? Migongo ya magari?"

"Lakini udongo haujashika."

"Msichana, mimi nimejaza nyufa kabla mama yako hajakuzaa. Ama unataka tukutandikie zulia?"

Langat akacheka. "Huyu amesikia kuna mtu wa Nairobi, sasa tumbo linamkata."

Dereva aligeuka akaniangalia mimi. "Fundi, unasemaje? Ukisema tusikimbie, hatukimbii."

Sasa hapa ndipo jina la tatu, nalo ni langu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Akilini nilimwona yule mtu wa Nairobi akiondoka asirudi. Nilijiona nimevaa ovaroli ya timu yenye jina mgongoni. Nikasema, "Hata kwetu tumejaza nyufa nyingi, hakuna lililotokea. Pita ndani ya kona tu, pale hapajaguswa. Twende." Akafikiri kidogo. Akavaa viatu.

Jumapili tulikimbia kundi la kwanza vizuri, na tukashinda. Alipita ndani ya kona kila mzunguko, mbali na ule ufa. Niliona yule mgeni amesimama kwenye kiti chake. Kisha trekta likaja na tangi la maji, kwa sababu vumbi lilikuwa linawafikia wageni hemani, na Gathogo akapaza sauti, "Mwaga! Mwaga mengi hapa mbele ya wageni!" Wakamwaga tangi zima kwenye kona ile. Mkulima yeyote angejua maji yanafanya nini kwenye mabua yaliyofukiwa. Gathogo alijua. Lakini siku hiyo alikuwa mwenyekiti, hakuwa mkulima.

Kundi la mwisho, la washindi, mzunguko wa tatu, kijana mmoja alijichomeka ndani ya kona kushoto kwetu. Nikampiga Dereva bega kofi moja. Hapo sikukosea. Ningenyamaza tungegongana. Akatoka nje kidogo kumpa nafasi, na gurudumu la mbele la kulia likazama kama mguu unaokosa ngazi.

Tulibingirika mara tatu. Mabomba ya kizimba niliyoyachomelea mwenyewe hayakupinda, hata moja. Dereva alivunjika mfupa wa bega. Kwa bega hilo lililovunjika alinivuta kupitia dirishani, kwa sababu petroli ilikuwa inavuja na mimi nyonga ilikuwa imekwisha. Nakumbuka ananiambia, "Nitazame, Fundi, usitazame huko chini, nitazame."

Nililazwa mjini. Yeye, mkono ukiwa umefungwa shingoni, alikuja kila siku. Alikaa kutoka asubuhi hadi wafukuze wageni, akinipigia hadithi za wagonjwa wengine, nani anaiba sukari ya nani. Ujumbe ulikuwa umefika kutoka Nairobi: yule mtu ameona ajali lakini ameona pia uendeshaji. Anasubiri taarifa ya klabu. Kama kosa ni la njia, kiti bado kipo.

Siku ya nne, Dereva akiwa ametoka kidogo, Langat aliingia. Alinikuta peke yangu. Alikuwa na machungwa na karatasi mbili.

"Pole, mzee. Hii ni ya bima tu, ndio mambo yako yaende haraka. Weka sahihi hapa na hapa."

Karatasi ilikuwa ya Kizungu. Mimi Kiswahili nasoma, na haya mnayosoma nimeyaandika mwenyewe. Kizungu najua majina ya vyuma tu. Lakini Kaptembwo nzima ilikuwa inajua mimi ni fundi wa vitabu. Vitabu vya injini vilikaa juu ya meza yangu vimefunguliwa, nami nilitazama michoro, na watu wakadhani nasoma. Niliwaacha wadhani. Mtu asiye na masomo akipewa heshima hiyo kwa bahati, hairudishi.

Basi nilifanya kama mtu anayesoma. Nilipeleka macho kwenye mistari, kushoto kwenda kulia, nikafunua ya pili, nikaguna kidogo, nikarudi ya kwanza. Nikaona wameandika namba hamsini na tano mahali pa miaka. Nikaomba kalamu, nikaikata, nikaandika arobaini na sita. Nilijisikia mtu wa maana. Kisha nikatia sahihi, hapa na hapa. Langat akaikunja akaweka mfukoni, akaniambia nile machungwa.

Dereva aliporudi sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeshaona ni jambo dogo.

Baada ya wiki mbili alikuja hospitalini mara ya mwisho. Hakuingia. Alisimama mlangoni, ameshika ovaroli yangu ameifua na kuikunja. Akaiweka kwenye kitanda cha mlangoni, kisichokuwa na mtu. Akamsalimia muuguzi. Akamsalimia mgonjwa wa jirani. Mimi nikasema, "Dereva, mbona husogei?" Akapita na macho juu yangu, akaenda. Niliona ni uchungu wa bega, nikaona labda mama yake amemkataza. Kuna watu wanaoelewa haraka, mimi siyo mmoja wao.

Nilielewa karibu mwaka mmoja baadaye. Kijana mmoja wa klabu, yule wa gunia, alikuja gereji nimchomelee fremu. Mimi nilikuwa nafanya kazi nimekaa, fimbo iko pembeni. Akaniambia, "Fundi, wewe ni noma. Ulimmaliza yule dem na kalamu." Nikamuuliza kalamu gani. Akashangaa kwamba nauliza. Nakala ilikuwa imebandikwa klabuni siku nyingi, kila mtu ameisoma. Akanieleza: mimi, mtu wa kushoto, niliyeumizwa, nimeshuhudia kwamba njia ilikuwa nzuri na imekaguliwa, kwamba nilimwonya dereva mara nyingi apunguze mwendo, kwamba alikataa kwa sababu ya kiburi. Chini kuna sahihi yangu mara mbili. Kwa karatasi hiyo klabu ilimpiga marufuku, na mtu wa Nairobi akatafuta mwingine.

Nilikaa na jambo hilo miaka mitano. Sitajitetea. Ningeweza kupanda Kuresoi hata kwa fimbo. Lakini kujisafisha kulikuwa na njia moja tu, kusema mbele za watu kwamba sikujua kilichoandikwa, na nikisema hivyo, vile vitabu juu ya meza ni vya nini? Kila nilipojiambia nitakwenda wiki ijayo, wiki ijayo ilikuja na aibu yake. Gathogo yuko, bado ni mwenyekiti. Langat yuko, amejenga. Nilitoa hasira yangu yote kwao kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuibakisha nyumbani.

Mwaka jana wakati wa mavuno niliitwa Rongai kuchomelea lango la ghala la nafaka. Malori ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni ya mizani, ndefu, injini zimezimwa, madereva wamelala kwenye nyasi. Niliinua kinyago cha kuchomelea nipanguse jasho, nikamwona. Amekaa kwenye ngazi ya lori, anapukuchua hindi la kuchoma punje moja moja. Amenenepa kidogo. Bega moja liko chini kuliko jingine. Utingo wake, mzee mwenye mvi, alikuwa anamwita bosi.

Nikamwendea. Ni hatua thelathini hivi, na kwa nyonga yangu ni safari. Aliniona nikija tangu hatua ya kwanza. Nikangoja anipite kwa macho, lakini hakuwa na mahali pa kwenda, foleni ilikuwa imesimama.

"Dereva," nikasema.

Akaendelea kupukuchua.

"Umeolewa?" Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Hilo ndilo umetembea na fimbo kuja kuuliza?"

"Hapana. Nimekuja kwa ile karatasi."

"Niliisoma." Alitupa punje mdomoni, akatafuna, akameza. "Mara ya kwanza nilisema wamekughushia. Nilimtukana Langat mbele ya kamati nzima, nikasema Fundi hawezi. Langat akanionyesha pale palipoandikwa miaka. Umekata kwa mkono wako, ukaandika arobaini na sita. Najua sita yako, Fundi, nimeiona ukiiandika kwa chaki kwenye magurudumu miaka minne. Mtu anayesahihisha umri amesoma mengine yote. Ningesema nini tena? Nilikaa chini."

"Sikusoma."

"Usiniletee."

"Dereva, sijui Kizungu. Najua kuhesabu. Niliona namba tu. Vile vitabu vya gereji natazama picha."

Utingo alikuwa amegeuza uso upande wa pili, kwa adabu. Dereva aliliweka hindi juu ya ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ovaroli alinitazama, na alinitazama muda mrefu, kama anayepima kitu kilichoharibika kama kinaweza kutengenezeka ama la. Niliona macho yanamjaa na nikaona anayakatalia.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikijua kwamba ulijua."

"Langat aliniambia ni bima."

"Aliingia saa ngapi?"

"Saa nne hivi. Ulikuwa umetoka."

Akafunika mdomo kwa kile kiganja kipana. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo vile, hata ndani ya gari lililobinuka.

"Nilikuwa nimeenda kukununulia chai, Fundi. Pale langoni tu. Ungengoja chai, ningekusomea."

Foleni ikasogea. Gari la nyuma likapiga honi, na mtu wa mizani akapaza sauti kwamba lori la mbele lisonge. Utingo akafungua mlango. Dereva akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akapanda. Aliwasha injini, akaliondoa lori polepole kuliko ilivyohitajika, na mimi nikasimama pembeni nikilitazama likipanda mizani, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka yakatimia yote.